Kumbukumbu ya Vidole: Historia ya Njia za Mkato za Kibodi na Gharama ya Kuhama Mfumo Endeshi

Ikisiri

Taasisi inapohama kutoka mfumo endeshi mmoja wa kompyuta kwenda mwingine, huhesabu leseni, mashine na siku za mafunzo. Makala hii inachunguza gharama ambayo kwa kawaida haimo katika hesabu hiyo: ujuzi wa njia za mkato za kibodi, ambao mfanyakazi ameujenga kwa miaka na ambao hubatilika, au hugeuka kuwa mtego, siku anapobadilishiwa mfumo. Kwa kufuatilia chimbuko la njia hizo tangu enzi za teleprinta, makala inadai kwamba ujuzi huo ni mali ya aliyejifunza, na kwamba sera ya uhamaji isiyoutambua humtoza mtumishi deni ambalo hakulikopa.

Utangulizi

Dereva aliyezoea barabara za Tanzania, akivuka daraja la Rusumo na kuingia Rwanda, hulazimika kuhama kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia. Hatari yake haiko katika dakika za mwanzo, wakati macho yamekaza na redio imezimwa. Iko jioni, anapotoka kituo cha mafuta akiwa amechoka, barabara ni tupu, na mikono inaamua kabla ya akili. Wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu chao cha mwaka 1967, walieleza kwamba ujuzi wa mwili hupitia hatua tatu: ile ya kufikiri kila tendo, ile ya kuyaunganisha matendo, na ile ambayo tendo hujiendea lenyewe. Aliyefika hatua ya tatu hafikirii tena, na ndiyo maana hufanya kazi haraka. Ndiyo maana pia hukosea kwa uhakika mkubwa pale mazingira yanapobadilika.

Karani anayenakili aya kwa kushika Ctrl na C yuko katika hatua hiyo. Akiulizwa amebonyeza nini, mara nyingi hutazama vidole vyake kwanza ndipo ajibu. Siku anapowekewa kompyuta yenye mfumo mwingine, skrini humwonya kwa rangi na picha zake ngeni. Vidole havioni rangi wala picha.

Suala hili limepata uzito mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, ilhali kompyuta nyingi zilizo kazini hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisi yenye mashine za namna hiyo inaweza kununua nyingine, kukubali kuishi na mfumo usiolindwa, au kuhamia Linux. Uamuzi huo hufanywa na wasimamizi wa bajeti, lakini wanaouishi kila saa ni wale wanaoandika barua, kujaza majedwali na kuingiza takwimu.

Kitufe kimoja, koo mbili

Kitufe cha Ctrl kina umri mkubwa kuliko kompyuta ya mezani. Kilikuwapo kwenye teleprinta, mashine zilizopeleka maandishi kwa waya na kuyachapa kwenye karatasi upande wa pili. Msimbo wa ASCII uliotolewa Marekani mwaka 1963 ulitenga nafasi zake 32 za mwanzo kwa amri zisizochapika, na Ctrl ikishikwa pamoja na herufi ilitoa amri yenye namba sawa na nafasi ya herufi hiyo katika alfabeti. G, herufi ya saba, ilitoa amri namba 7, iliyopiga kengele kwa mpokeaji. C, herufi ya tatu, ilitoa namba 3, alama ya mwisho wa maandishi. Kutokana na ukoo huo, mifumo ya kompyuta kubwa, na hatimaye Unix, iliifanya Ctrl+C kuwa amri ya kukatiza kazi inayoendelea. Haikuhusiana kwa lolote na kunakili.

Ukoo wa pili ulianzia katika maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza programu ya uhariri iliyoitwa Gypsy, ambamo vitendo vya kukata, kunakili na kubandika vilipata umbo linalojulikana leo. Tesler alichukizwa na programu ambazo kitufe kilekile kiliandika herufi kwa wakati mmoja na kutoa amri kwa wakati mwingine. Kisa kinachosimuliwa mara kwa mara kinahusu Bravo, programu iliyotangulia katika maabara hiyohiyo: mtumiaji aliyedhani yuko katika hali ya kuandika alipiga herufi nne, e, d, i, t, na Bravo ikazisoma kama amri. Ilichagua waraka wote, ikaufuta, ikaanza kuingiza maandishi mapya, na kilichobaki kwenye skrini kikawa herufi t pekee. Tesler alilichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi cha kuweka kaulimbiu ya kupinga hali hizo kwenye namba ya usajili ya gari lake.

Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ilipotoka mwaka 1983 ilikuwa na kitufe cha pekee cha amri, chenye alama ya tufaha, kilichoambatanishwa na herufi nne zilizopangana chini kushoto mwa kibodi: Z, X, C na V. C ilitokana na neno la Kiingereza la kunakili. X ilifanana na alama ya kufuta. V ilifanana na kishale ambacho wahariri hukiweka mahali pa kuingiza neno. Z ilikuwa jirani yao tu. Kati ya herufi nne, basi, moja ndiyo iliyotoka katika neno. Nyingine zilichaguliwa kwa umbo au kwa mahali. Hoja hii itarejewa, kwa kuwa inawagusa moja kwa moja wanaojanibisha programu kwa Kiswahili.

Macintosh ya mwaka 1984 ilirithi herufi hizo, lakini tufaha likaondolewa kwenye menyu, kwa kuwa Steve Jobs aliona nembo ya kampuni imezagaa mno. Mchoraji Susan Kare akaweka badala yake mraba wenye vitanzi pembeni, alama ambayo Wasweden huitumia barabarani kuonyesha mahali pa kutazamwa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kitufe hicho cha Command kilikuwa tofauti na Ctrl. Ukoo wa teleprinta na ukoo wa Gypsy ukapata kila mmoja nyumba yake.

Upande wa IBM na Microsoft haikuwa hivyo. Kanuni za IBM za mwaka 1987, zilizojulikana kwa jina la Common User Access, zilielekeza mtumiaji akate kwa Shift+Delete, anakili kwa Ctrl+Insert na abandike kwa Shift+Insert. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Windows ikapokea pia herufi X, C na V za Apple, ila kwa kuwa kompyuta za IBM hazikuwa na kitufe cha Command, herufi hizo zikapachikwa kwenye Ctrl. Njia za zamani hazikuondolewa. Programu nyingi za Windows bado huzitii hadi leo, ingawa vijana wengi hawazijui.

Matokeo yake humpata kila anayehamia Linux na kufungua dirisha la amri. Hapo ukoo wa teleprinta ndio unaotawala. Mtumiaji aliyetoka Windows huchagua mstari aunakili, hubonyeza Ctrl+C kama alivyozoea, na kazi iliyokuwa ikiendelea inakatizwa. Ilikuwa ikihamisha faili za nusu siku? Imekufa. Ili kunakili katika dirisha hilo sharti aongeze Shift. Anayetoka Linux kwenda Macintosh hakutani na ajali hii, kwa kuwa huko vitufe ni viwili. Yeye hutaabika kwa namna nyingine, kidole kidogo kikitafuta pembeni kazi ambayo sasa ni ya gumba karibu na upau wa nafasi.

Nani mwenye mali

Kabla ya herufi nne za Apple kuenea, kila programu ilikuwa nchi yenye sheria zake. WordPerfect, ambayo toleo lake la 5.1 lilitoka mwaka 1989, ilitumia vitufe vya F kwa namna nne: peke yake, au pamoja na Shift, Alt au Ctrl. Hakuna aliyeweza kuzikumbuka zote mara moja, hivyo programu iliuzwa pamoja na ukanda wa kuweka juu ya vitufe, wenye maandishi ya rangi nne. Nyekundu ilikuwa ya Ctrl, kijani ya Shift, bluu ya Alt, na nyeusi ya kitufe kisichoandamana na kingine. F3 ilileta msaada. F1, ambayo kwingineko ndiyo ya msaada, ilifuta amri. Vyuo vya kompyuta vilivyochipuka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala katika miaka ya 1990 vilifundisha WordPerfect pamoja na lahajedwali ya Lotus 1-2-3, na mhitimu alilipia masomo hayo kutoka mfukoni mwake au mwa wazazi wake. Miaka michache baadaye ofisi zikahamia Word na Excel.

Microsoft ilitambua vema kilichokuwa vidoleni mwa watu hao. Word ilikuja na sehemu maalumu ya msaada kwa watumiaji wa WordPerfect. Excel ilikubali kwamba mtumiaji akibonyeza mkwaju, menyu ifunguke, kama ilivyokuwa katika Lotus. Hata leo mkwaju hufanya kazi hiyo. Haukuwa ukarimu. Kampuni ilijua kwamba kizuizi kikubwa cha mteja kuhama hakikuwa bei.

Borland ilikwenda mbali zaidi, na ndipo swali la umiliki likafika mahakamani. Lahajedwali yake, Quattro Pro, ilimpa mtumiaji uwezo wa kuchagua menyu iliyopangwa kama ya Lotus 1-2-3, ili aliyezoea aendelee kubonyeza alivyobonyeza na makro zake ziendelee kufanya kazi. Mpangilio huo ulikuwa na amri 469 zilizogawanywa katika menyu zaidi ya 50. Borland haikunakili msimbo wa programu. Ilichukua maneno ya amri na mpangilio wake tu. Lotus ikashtaki mwaka 1990, na mahakama ya wilaya ikaipa ushindi. Mwezi Machi 1995 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kwanza, yenye makao Boston, iligeuza hukumu: mpangilio wa amri ni njia ya kuendesha programu, kama vilivyo vitufe vya mashine ya kurekodi video, na njia ya kuendesha hailindwi na hakimiliki.

Uzito kwa mjadala huu uko katika maoni ya ziada ya Jaji Michael Boudin. Alilinganisha menyu ya Lotus na mpangilio wa QWERTY wa taipureta, akahoji kwa nini wateja waliojifunza menyu hiyo na kuitungia makro wabaki mateka wa Lotus iwapo lahajedwali bora imepatikana, ilhali jitihada ya kujifunza ilikuwa yao, si ya Lotus. Mahakama Kuu ya Marekani, ikiwa na majaji wanane tu katika shauri hilo, iligawanyika nne kwa nne mwezi Januari 1996, na hukumu ya rufaa ikabaki. Mgawanyiko wa namna hiyo hauweki kanuni kwa nchi nzima, wala hauzifungi mahakama za Afrika Mashariki. Hoja ya Boudin hata hivyo inasimama kwa miguu yake: aliyetumia miezi kuvifundisha vidole vyake amewekeza, na uwekezaji wake una thamani inayoweza kuharibiwa na uamuzi wa mtu mwingine.

Hoja hiyo ilielekezwa kwa kampuni inayomzuia mteja asiondoke. Inamhusu vilevile mwajiri anayemhamisha mtumishi bila kumwuliza. Serikali inayohamia programu huria kwa nia njema ya kuokoa fedha za umma na kujitegemea, nia ambayo makala hii haiipingi, huokoa ada ya leseni na wakati huohuo kufuta akiba ya mtu mwingine. Akiba hiyo haionekani katika daftari lolote kwa sababu haikununuliwa na serikali.

Mpangilio wa hatua

Jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie linatoa mfano wa kuhama kwa utaratibu. Mwaka 2005 lilibadilisha programu za ofisi, likachukua OpenOffice. Mwaka 2006 likabadilisha kivinjari na programu ya barua pepe, likachukua Firefox na Thunderbird. Mfumo endeshi haukuguswa. Ni kuanzia mwaka 2008 ndipo Linux ilipoanza kuingizwa. Kufikia hapo, programu ambazo askari alizitumia kutwa nzima, pamoja na njia zake za mkato, zilikuwa zilezile katika mfumo wa zamani na mpya. Afisa wa jeshi hilo alieleza mwaka 2009 kwamba tofauti kubwa mbili walizoziona watumiaji ni aikoni na michezo. Leo mashine zinazotumia mfumo huo zinazidi laki moja. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani, lililotangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000, nalo lilianza na programu za ofisi, LibreOffice, kabla ya mfumo endeshi.

Jiji la München kwa kawaida hutajwa kama mfano wa kinyume: liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likahamisha kompyuta zaidi ya 14,000, kisha mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Siasa za jiji zilichangia, na si haki kuubebesha uamuzi huo sababu moja. Malalamiko ya watumiaji yalikuwapo katika mjadala; hilo linatosha kusemwa.

Herufi za Kiswahili

Ukanda huu nao umejaribu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. Kwa mara ya kwanza mzungumzaji wa Kiswahili aliweza kufungua programu kamili ya ofisi ambayo menyu zake zilikuwa katika lugha yake. Kazi ya namna hiyo hukutana na swali ambalo halimo katika kamusi: neno likishatafsiriwa, herufi ya mkato ifuate wapi?

Kiswahili kina tabia zake hapa. Amri zikiwekwa katika hali ya kitenzi kisicho na kiambishi, herufi za mwanzo hutofautiana vizuri: kata, nakili, bandika, hifadhi, tendua. Zikiwekwa katika hali ya kitenzi-jina, zote huanza na K na mkato hauwezekani. Nomino za menyu hujaa M kutokana na viambishi vya ngeli: mwonekano, muundo, msaada. Fungua na funga, amri mbili zilizo kinyume kabisa, zinashirikiana herufi nne za mwanzo. Faili ndiyo yenye bahati. Kwa kuwa ni neno la mkopo, limebaki na F ileile ya Kiingereza. Hivyo uamuzi wa mfasiri kati ya “hifadhi” na “kuhifadhi”, unaoonekana kuwa wa mtindo tu, ni uamuzi kuhusu kazi ya mkono.

Lugha nyingine zilithubutu kubadilisha hata herufi za Ctrl. Katika Word ya Kihispania, Ctrl+G huhifadhi waraka, kutokana na neno guardar, na Ctrl+N hukoza maandishi, kutokana na negrita. Katika Word ya Kifaransa, Ctrl+G ndiyo inayokoza, kutokana na gras. Mtumiaji wa toleo la Kihispania akikaa kwenye toleo la Kiingereza na kutaka kukoza neno, hufunguliwa waraka mpya mtupu. Kujanibisha herufi, kwa maneno mengine, kunaunda uhamaji mwingine ndani ya programu ileile. Kwa watumishi wa Afrika Mashariki, ambao wengi hubadilishana kati ya menyu za Kiingereza na za Kiswahili katika siku moja, haielekei kuwa busara kufuata njia hiyo. Herufi zilizopigiwa mstari kwenye menyu, zile zinazofunguliwa kwa Alt, ndizo za kujanibishwa kwa uangalifu. Z, X, C na V ziachwe. Kama ilivyoonyeshwa, tatu kati ya hizo hazikuwahi kuwa Kiingereza, na mwalimu anaweza kuzifundisha kama mahali kwenye kibodi bila kuzifungamanisha na neno lolote.

Mipaka ya kibodi

Kuna uhamaji ambao hauhitaji hata kubadili mfumo endeshi. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilirithi kutoka utawala wa Kibelgiji mpangilio wa AZERTY, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda hutumia QWERTY. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mikutano, warsha na uhamisho wa watumishi kati ya pande hizo si jambo la nadra. Katika AZERTY, A na Q zimebadilishana mahali, na Z na W vivyo hivyo. Mifumo endeshi husoma njia ya mkato kwa herufi inayotoka, si kwa mahali kidole kilipo.

Madhara yake yanaweza kuorodheshwa bila kukisia. Afisa kutoka Dodoma aliyekaa kwenye kompyuta ya Bujumbura na kutaka kuchagua maandishi yote hupeleka kidole mahali pa A, anapata Q, na Ctrl+Q katika LibreOffice ni amri ya kufunga programu. Akitaka kutendua kosa, kidole huenda mahali pa Z na kupata W, na Ctrl+W hufunga dirisha. Programu ya kuandikia itamwuliza kwanza kama anataka kuhifadhi. Kivinjari mara nyingi hakimwulizi. Fomu aliyoijaza kwa nusu saa hupotea pamoja na ukurasa, na amri iliyoipoteza ni ileile aliyoitoa ili kurekebisha.

Mpangilio wa kibodi unaweza kubadilishwa bila kununua kifaa kipya. Kibodi iliyochapwa herufi za Kifaransa huelekezwa kwa mipangilio itoe QWERTY. Anayeandika bila kutazama hatahisi tofauti, na anayetazama ataona herufi moja na kupata nyingine. Ofisi ambayo mashine moja hutumiwa na wote wawili inaweza kuweka mipangilio yote miwili, kila mmoja akabadilisha anapokaa. Katika Windows hubadilishwa kwa kushika kitufe cha Windows pamoja na upau wa nafasi, na katika mazingira ya GNOME ya Linux ni vitufe hivyohivyo. Katika Macintosh ni Ctrl na upau wa nafasi.